John Patterson: Muuaji wa simba wa Tsavo ambaye filamu yake huioni vizuri kwenye simu

Goweko, Tabora. Ilikuwa saa kumi jioni, tumekaa barazani watu wanne tukiangalia simu moja. Muvi ilikuwa The Ghost and the Darkness, yaani Mzimu na Giza, ile ya mwaka 1996 inayohusu simba wala watu wa Tsavo. Tulifika kwenye tukio la usiku, simba anaingia kambini, watu wanapiga kelele, na kwenye kioo tunaona nyuso zetu wenyewe.

Babu akauliza simba yuko wapi. Mmoja wetu akamwonyesha kwa kidole. Babu akasema ile ni alama ya mafuta ya mkono.

Tulicheka, lakini babu alikuwa na hoja. Siku hizi ukiangalia muvi ya dude la kutisha nyumbani, nusu ya muda unaangalia weusi. Unasikia mngurumo, unaona jicho moja, halafu mtu kafa. Umemaliza bando na dude lenyewe hujaliona.

Nikaanza kumtafuta jamaa aliyekuwa ndani ya giza lenyewe. Jina lake John Henry Patterson. Kisa chake kimetengenezewa filamu zaidi ya mara moja, na mambo mengi ya maisha yake bado hayajamulikwa vya kutosha.

Kijana wa Ireland

Patterson alizaliwa mwaka 1867 katika jimbo la Longford, Ireland, wakati nchi hiyo ikiwa chini ya Uingereza. Akiwa na miaka 17 tu alijiunga na jeshi la Uingereza, na sehemu kubwa ya ujana wake aliitumia India. Huko alijifunza Kihindustani, akawinda chui wakubwa wenye milia, na akapata ujuzi wa ujenzi.

Mambo hayo ndiyo yaliyomleta Afrika Mashariki. Waingereza walikuwa wameanza kujenga Reli ya Uganda kutoka Mombasa mwaka 1896, kwa kutumia vibarua walioletwa kwa meli kutoka India. Takribani watu 32,000 waliletwa, na karibu 2,500 walikufa kabla kazi haijaisha. Malaria, kuhara, ajali na joto viliua wengi kuliko mnyama yeyote.

Machi 1898 Patterson alishuka Mombasa. Siku chache baadaye akapelekwa bara, mto Tsavo, kusimamia ujenzi wa daraja. Alikuwa na miaka 30.

Sisi wa Goweko tunajua maana ya maisha kupangwa na reli. Stesheni yetu iko kwenye Reli ya Kati, mashariki ya Tabora, na njia hiyo Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo kulikuwa na njia ya misafara ya miguu, Bagamoyo hadi Ujiji. Tsavo nayo ilikuwa na historia kama hiyo: misafara ya pembe na ya watumwa ilivuka mto ule miaka mingi kabla ya reli.

Shikilia hilo la misafara, tutalirudia.

Usiku wa kwanza hadi wa mwisho

Patterson hakuamini alipoambiwa kuna simba wanachukua watu. Alidhani vibarua wanauana wenyewe kwa sababu ya pesa. Kilichomfumbua macho ni kifo cha Ungan Singh, msimamizi wa vibarua, Kalasinga mwenye mwili mkubwa. Simba aliingiza kichwa kwenye hema, akamkamata shingoni, akamburuta nje. Wenzake walilala hema hilohilo na hawakuweza kufanya lolote. Asubuhi Patterson alifuata mburuzo ardhini akakuta mabaki.

Kuanzia hapo akawa anakesha.

Hapa ndipo ukweli unapotofautiana na muvi. Tsavo ya 1898 haikuwa na taa ya kumulika kambi. Kulikuwa na moto, na taa ya mafuta hapa na pale. Nje ya hapo ni vichaka vya miiba na weusi. Kambi zilitawanyika kando ya reli, hivyo Patterson akikesha juu ya mti huku, simba wanapiga kule. Aliwahi kukaa usiku kucha na bunduki, akasikia mayowe kutoka kambi nyingine, asiweze kwenda kwa sababu haoni hatua moja mbele yake.

Vibarua walizungushia kambi maboma ya miiba. Simba wakapita humohumo. Walivamia hadi hema la hospitali.

Patterson akatengeneza mtego wa vyuma na mbao, mithili ya behewa lenye vyumba viwili. Chumba kimoja kiliwekewa askari wenye bunduki, wakilindwa na nondo, na kingine kikaachwa wazi kwa simba. Simba akaingia kweli na mlango ukafunga. Askari walikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa na mtutu, lakini kwa hofu na giza wakafyatua ovyo, wote wakakosa. Risasi moja ikavunja chuma cha mlango na simba akapata upenyo wa kutoka.

Mwanzoni mwa Desemba vibarua walichoka. Mamia yao walilala relini kuzuia treni, wakarukia mabehewa, wakaondoka. Kazi ya reli katika eneo lile ilisimama kwa takribani wiki tatu. Serikali ya Uingereza, na pesa zake zote, ilisimamishwa na wanyama wawili.

Asubuhi ya Desemba 9, Mswahili mmoja alikuja mbio akipiga kelele kwamba simba yuko mtoni. Kitabu cha Patterson hakikumtaja jina. Simba alikuwa amemkosa mtu, akaua punda. Patterson akawaomba watu wapige madebe kumsukuma simba upande wake. Simba akatokea, Patterson akalenga na bunduki kubwa ya kuazima, bunduki ikagoma. Simba akapita.

Hakukata tamaa. Jioni akajengewa ulingo wa miti karibu na mzoga wa punda, wenye urefu wa kama mita tatu na nusu, unaoyumba. Sisi wakulima tunaujua ulingo, tunakaa juu yake kulinda mahindi na nguruwe pori. Wake haukuwa imara kuliko huo.

Usiku ukaingia. Simba akaja, lakini hakumgusa punda, akaanza kumwinda Patterson. Kwa karibu saa mbili alizunguka ulingo, na aliye juu alisikia majani tu. Katikati ya kimya kile, kitu kikampiga kisogoni. Karibu aanguke. Alikuwa ni bundi, amemdhania tawi.

Hatimaye akaona umbo hafifu kwenye kichaka, akafyatua. Simba akaunguruma, akaruka huku na huko, kisha kukawa kimya. Kulipokucha alikutwa amekufa. Kutoka pua hadi ncha ya mkia alifika karibu mita tatu, na walihitajika watu wanane kumbeba.

Siku ishirini baadaye, Desemba 29, akamuua wa pili. Safari hii alikesha juu ya mti na mbeba bunduki wake aitwaye Mahina, wakapokezana kulala. Simba yule alipigwa risasi nyingi kabla ya kufa. Daraja likamalizika mapema 1899, na vibarua walewale waliowahi kutaka kumdhuru kwa ukali wake wakamzawadia bakuli la madini ya fedha.

Mbona muvi zimekuwa nyeusi hivi?

Tukirudi barazani kwetu, tatizo la kioo lina sababu kadhaa.

Kwanza, muvi kubwa hutengenezwa kwa ajili ya ukumbi wa sinema. Kule taa zimezimwa, skrini ni kubwa kuliko ukuta wa nyumba, na jicho limeshazoea giza. Weusi kidogo unaonekana vizuri. Ukiileta picha hiyohiyo barazani saa kumi jioni, mwanga wa jua unaimeza.

Pili, kamera za siku hizi zinanasa mwanga mdogo sana. Zamani usiku ulipigwa mchana kwa kuchuja mwanga, au kwa taa kubwa zilizojifanya mbalamwezi. Ulionekana wa uongo, lakini unamwona adui. Sasa mpiga picha anaweza kutumia mshumaa mmoja, na wengi wanapenda hivyo.

Tatu, giza linaficha gharama. Dude la kompyuta likisimama juani, kasoro zake zote zinaonekana. Likiwekwa kwenye mvua usiku, mtazamaji anajazia mwenyewe. Aliens vs. Predator: Requiem ya 2007 inakumbukwa hadi leo na mashabiki kwa kutoonekana kitu. Mwaka 2019 mashabiki wa Game of Thrones duniani walilalamika kuhusu vita kubwa ya usiku, na mpiga picha wake akajibu kwamba watu hawakurekebisha vizuri televisheni zao.

Nne, na hili ndilo linatuumiza sisi, ni safari ya faili. Picha ikibanwa ili iwe nyepesi, sehemu za giza ndizo za kwanza kutupwa. Unabaki na vipande vya mraba vyeusi vinavyotetemeka. Nakala ya nakala iliyopita kwenye flashi tano hadi banda umiza, simba ndani yake ameshageuka moshi. Na simu ikibaki na chaji kidogo inajipunguzia mwanga yenyewe.

Ujanja upo. Zima mwanga wa kujirekebisha, pandisha mwenyewe. Angalia usiku, ndani, taa imezimwa. Kama bando linaruhusu, shusha nakala nzito zaidi.

Haya mambo si mapya. Mwaka 1952 Marekani ilitoa Bwana Devil, filamu ya kwanza ndefu ya rangi ya Hollywood kwa mtindo wa kuona vitu vikikutokea. Ilitokana na kisa hikihiki cha Tsavo. Watazamaji walivaa miwani maalumu, na miwani ile ilikata sehemu ya mwanga. Simba wa Tsavo wamekuwa wakipunguziwa mwanga kwa zaidi ya miaka 70.

Ile ya 1996 ilipigwa picha Afrika Kusini, mhusika mkuu akiwa Val Kilmer. Ilishinda Oscar, lakini ya uhariri wa sauti. Na simba wake wana manyoya ya shingoni, wakati wale wa Tsavo walikuwa madume yasiyo na manyoya hayo. Ukiwa gizani huwezi hata kugundua kwamba umedanganywa.

Walikufa wangapi?

Sasa tuongeze mwanga kwenye maisha ya Patterson mwenyewe.

Mwaka 1907 alitoa kitabu chake kuhusu simba wa Tsavo, kikauzika sana. Humo alitaja vibarua 28 wa Kihindi waliouawa. Kuhusu Waafrika alisema walikuwa wengi, lakini hakuna rekodi rasmi iliyowekwa.

Soma tena hapo. Wahindi walihesabiwa kwa sababu walikuwa na mikataba. Waafrika waliokuwa wakikata vichaka, kubeba maji na kuishi vijiji vya jirani hawakuandikwa na mtu.

Miaka ya baadaye Patterson alianza kutaja jumla ya watu 135, na hiyo ndiyo namba iliyoenea. Mwaka 2009 watafiti walipima kemikali kwenye mifupa na nywele za simba wale ili kujua walikula nini miezi ya mwisho ya maisha yao. Makadirio yao yalikuwa kama watu 35: mmoja alikula kama 24, mwingine kama 11. Hesabu hiyo ni ya walioliwa. Waliouawa na kuachwa hawamo.

Mwaka 2024 watafiti wengine walichambua nywele zilizonasa kwenye meno yaliyovunjika ya simba hao. Walikuta za twiga, punda milia, nyumbu, kuro, choroa, na za binadamu.

Kwa nini walikula watu? Simba wa kwanza alikuwa na chonge lililovunjika na usaha kwenye mzizi, na jino la aina hiyo halishiki nyati. Ugonjwa wa sotoka ulikuwa umefyeka ng'ombe na nyati Afrika Mashariki miaka ya 1890. Na watafiti wametaja ile misafara niliyosema ushikilie: watu waliokufa njiani, hasa watumwa, waliachwa porini, na huenda simba wa Tsavo walizoea mwili wa binadamu vizazi kadhaa kabla Patterson hajafika.

Yaani lile dude la kutisha lilikuwa na historia, na historia hiyo inafanana na ya njia yetu ya Tabora. Hakuna muvi iliyoionyesha.

Risasi ya 1908

Patterson alipigana vita vya Makaburu Afrika Kusini, kisha akarudi Kenya mwaka 1907 kama ofisa mkuu wa wanyamapori.

Mwaka 1908 aliongoza safari ya porini akiwa na Audley Blyth, kijana wa familia tajiri ya Uingereza, na mkewe Ethel. Blyth aliugua njiani. Asubuhi moja mlio wa risasi ukasikika hemani kwake, akakutwa amekufa. Patterson alimzika, hema likachomwa moto, na safari ikaendelea yeye na mjane.

Nairobi ikawaka maneno. Suala lilifika hadi bunge la Uingereza mwaka 1909. Hakushtakiwa, na serikali haikumtia hatiani, ila kazi aliiacha. Ernest Hemingway alipotoa hadithi yake fupi ya mwaka 1936 kuhusu mke, mume na mwindaji porini, wengi waliamini chanzo ni kisa hicho. Nayo ikawa filamu mwaka 1947.

Kwenye muvi ya simba, Patterson ni mume mwema anayemkumbuka mkewe. Mke huyo, Frances Gray, alikuwa kweli mtu wa kipekee: alisomea sheria hadi shahada wakati ambapo wanawake wa Uingereza wenye shahada hiyo walihesabika kwa vidole. Muvi haikuwa na nafasi ya kulisema hilo.

Zulia la nyumbani

Vita Kuu ya kwanza ilimrudisha jeshini. Mwaka 1915 aliongoza kikosi cha Wayahudi cha kubeba mizigo kwa nyumbu huko Gallipoli, na baadaye kikosi cha Wayahudi kilichopigana Palestina. Kazi hiyo ilimfanya aheshimiwe na Wayahudi hadi mwisho wa maisha yake. Mwaka 2014 majivu yake na ya mkewe yalihamishiwa Israel na kuzikwa kwa heshima.

Na simba je? Kwa karibu miaka 25 ngozi zao zilikuwa mazulia nyumbani kwa Patterson. Zilikanyagwa. Katikati ya miaka ya 1920 aliziuzia jumba la makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000. Mafundi walizijaza na kuwasimamisha simba upya, lakini kwa kuwa ngozi zilikuwa zimekatwakatwa na kuchakaa, waliotoka ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Wapo hapo hadi leo, kwenye kabati la kioo, chini ya taa. Ukienda utawaona vizuri kuliko kwenye muvi yoyote.

Kuna jambo moja zaidi. Mwanawe, Bryan Patterson, alifanya kazi kwenye jumba hilohilo na kuwa mtaalamu wa visukuku. Miaka ya 1960 alirudi Kenya aliyoiacha baba yake, akachimba Turkana. Mwaka 1965, huko Kanapoi, alipata kipande cha mfupa wa mkono wa kiumbe wa ukoo wa binadamu, wa zaidi ya miaka milioni nne iliyopita.

Baba alipata umaarufu kwa kuua wanyama waliokula watu wasio na majina. Mwana alisafiri kote huko kutafuta mfupa mmoja wa mtu wa kale.

John Patterson alifariki Juni 18, 1947, California, Marekani.

Tulivyoiangalia tena

Usiku uleule tuliirudia muvi, ndani, taa imezimwa, mwanga wa simu umepandishwa mwisho. Simba alionekana. Babu alitikisa kichwa, akasema mnyama kapambwa manyoya kama bwana harusi.

Nilimsimulia haya niliyoyaandika hapa. Habari ya ulingo ilimfurahisha, na bundi pia. Nilipofika kwenye Wahindi 28 na Waafrika wasiohesabiwa, akanisimamisha. Akataka kujua kama hata yule Mswahili aliyekimbia kutoa taarifa jina lake halikuandikwa.

Nikamwambia halikuandikwa.

Akaniambia nizime simu, chaji itaisha.